Kigae cha Urewe hakiulizi nani alifika kwanza

MAJUZI nilikwenda kumsalimu shemeji yangu anayeishi katika kilima kimoja cha Wilaya ya Gisagara, kusini mwa Rwanda, si mbali na mto Akanyaru unaotutenganisha na Burundi. Shemeji alizaliwa Karagwe, Tanzania, wazazi wake wakiwa wakimbizi, akarudi mwaka 1995. Nilimkuta amesimama kando ya vijana waliokuwa wakichimba shimo la choo, huku akibishana na jirani yake kuhusu mpaka wa viwanja vyao.

Maneno yalikuwa yale yale tunayoyasikia kila mahali. Jirani alisema, "Ninyi mmekuja juzi, mtatufundishaje mipaka ya kilima chetu?" Shemeji naye akajibu, "Babu yangu alizikwa hapa kabla baba yako hajazaliwa, mzee wangu." Kila mmoja alikuwa akitafuta marehemu wa zamani zaidi wa kumtolea ushahidi.

Wakati wanabishana, beleshi la kijana mmoja likatoa vigae. Vijana walikwisha kutupa vingine kwenye rundo la mawe ya msingi. Nikaokota viwili. Kimoja kilikuwa mdomo wa chungu, mnene, uliokatwa pembe pembe kama ngazi ndogo, na chini yake mistari iliyochorwa ikikatana. Cha pili kilikuwa kitako chenye kibonyo, kana kwamba mfinyanzi alikibonyeza kwa kidole gumba udongo ukiwa bado mbichi.

Mimi si mwanaakiolojia, na kuthibitisha ni kazi ya wenye fani yao. Lakini kwa mtu aliyesoma kidogo habari za nchi hizi, alama hizo zilitosha kunishitua. Nikawaambia wazee wangu wale wawili kwamba vyungu vya namna ile vilifinyangwa katika nchi hizi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Wakanyamaza. Kisha jirani akauliza swali ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: "Basi hao walikuwa watu wa nani? Wa kwetu au wa kwao?"

Ndugu msomaji, swali hilo si dogo. Katika nchi hizi za Maziwa Makuu swali la nani alifika kwanza limemwaga damu. Kwa hiyo ni vizuri tujue vigae vinajibu nini na, zaidi ya hapo, visivyoweza kujibu.

Vyungu hivyo wataalamu huviita vya Urewe. Urewe ni mahali katika kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya, karibu na mto Yala. Kasisi Mwingereza, W. E. Owen, aliyefanya kazi ya kanisa katika sehemu hizo, alikuwa akikusanya vigae, na mwaka 1948 yeye, Mary Leakey na Louis Leakey wakatolewa kitabu cha utafiti kuhusu vyungu hivyo. Wakati huo waliviita tu vyungu vyenye kibonyo kitakoni. Jina la Urewe lilikuja baadaye.

Jambo la kushangaza ni kwamba vyungu hivyo havikuishia Siaya. Vimekutwa Uganda kandokando ya Ziwa Victoria na visiwani, vimekutwa Kagera nchini Tanzania, Rwanda, Burundi, na Kivu nchini Kongo. Ni nchi sita za leo. Kutoka Siaya hadi Huye, kwa mstari mnyoofu, ni zaidi ya kilomita 500. Fundi wa kule na fundi wa huku walikata mdomo wa chungu kwa namna moja na kuchora mistari inayofanana.

Umri wake je? Hapa inafaa tueleze, maana wengi hudhani wataalamu wanabahatisha. Njia wanayoitegemea sana, ile ya kaboni, haipimi udongo wa chungu. Hupimwa makaa yaliyokutwa pamoja nacho. Kila mti, mnyama na mtu huvuta ndani yake aina moja ya kaboni ambayo, baada ya kufa, hupungua polepole kwa kipimo kinachojulikana: kila baada ya miaka 5,730 hubaki nusu. Ukijua kiasi kilichobaki, unajua mti ulikatwa yapata lini. Njia hiyo iligunduliwa na Mmarekani Willard Libby na wenzake mwishoni mwa miaka ya 1940, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1960.

Kwa vipimo hivyo, Urewe ilianza yapata miaka 500 kabla ya Kristo na ikaendelea hadi karibu mwaka 800 baada ya Kristo. Ni zaidi ya miaka elfu moja. Linganisha na mipaka yetu. Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza walikaa Brussels mwaka 1910 kukubaliana ni kilima kipi na ziwa lipi ni la nani katika sehemu hizi za Kivu na Mufumbiro. Kwa hiyo mpaka unaovuka kila asubuhi ukiwa na beseni kichwani una miaka zaidi kidogo ya mia. Katika hesabu ya vigae huo ni umri wa kitoto.

Vigae vyafundisha nini zaidi? Kwanza, vinafundisha kwamba babu zetu walikuwa mafundi. Mara nyingi vyungu vya Urewe hukutwa pamoja na mavi ya chuma na mabaki ya matanuru. Nchini Rwanda na Burundi wanaakiolojia kama Francis Van Noten na Marie-Claude Van Grunderbeek walifukua matanuru ya kuyeyushia chuma ya enzi hizo. Mengine yalijengwa kwa matofali ya udongo yaliyotiwa mapambo. Hebu fikiri, mtu anajenga tanuru la kazi ngumu ya moto na bado anakumbuka kulipamba.

Kule Kagera kuna kisa kizuri zaidi. Wazee wa Kihaya katika kijiji cha Katuruka walikuwa wakisimulia habari za mfalme Rugomora Mahe na kazi ya chuma iliyofanyika penye mti mtakatifu uitwao Kaiija. Mmarekani Peter Schmidt aliwasikiliza wazee hao, na mwaka 1970 akachimba mahali walipomwonyesha. Alikuta mabaki ya kazi ya chuma yaliyo mbali sana kwa umri kuliko mfalme mwenyewe, yaani ya enzi za mwanzo kabisa za Urewe. Mfalme alikuwa wa karne za karibuni, lakini wenyeji walikuwa wamehifadhi kumbukumbu kwamba mahali pale palikuwa pa wahunzi. Msomi aliyewadharau wazee wale angechimba kwingine akakosa yote.

Pili, vigae vinafundisha maisha ya kila siku. Hapa kwetu kusini, mahali paitwapo Kabusanze, kikundi cha mtafiti John Giblin kilifukua kaburi la kati ya mwaka 400 hivi. Ndani yake mlikuwa na mifupa ya binadamu, vyungu vya Urewe na vitu vya chuma. Matokeo yake yalitangazwa mwaka 2010. Waliomzika marehemu yule walimwekea vyombo vizuri na chuma, mali ya thamani kwa wakati ule. Walikuwa na huzuni kama yetu na heshima kwa maiti kama yetu.

Tatu, na hili ndilo linalohusu swali la jirani ya shemeji yangu, vigae vinakataa kugawanywa kwa makabila. Lakini wapo waliovilazimisha.

Itakumbukwa kwamba mwaka 1863 Mwingereza John Hanning Speke alichapisha kitabu cha safari yake, akaeneza nadharia kwamba watawala wa falme za huku wametoka Uhabeshi na ni jamii bora iliyokuja kuwatawala wenyeji. Wakoloni wakaipokea. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji wakaandika kabila katika vitambulisho. Mashuleni watoto wakafundishwa ngazi tatu: Watwa wawindaji walikuwapo kwanza, wakaja Wahutu wakulima, wakaja mwisho Watutsi wafugaji.

Baada ya hapo wakaja wachimbaji. Katika miaka ya 1950 Jean Hiernaux na Emma Maquet walivipanga vyungu vya kale vya Rwanda na Kivu katika mafungu matatu, A, B na C. A ndiyo hii ya kibonyo. C ni ile iliyopambwa kwa kuviringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi, ambayo ilienea kuanzia kama karne ya 8 au ya 9, na ambayo bibi zetu wengi wameitumia hadi zama zetu. Mafungu matatu ya vyungu, makabila matatu ya vitambulisho! Haukupita muda, ikawa rahisi mno kwa baadhi ya waandishi kusema chungu cha mistari ni cha mkulima na chungu cha kamba kililetwa na mfugaji mgeni.

Utafiti wa baadaye umeonyesha jinsi hesabu hiyo ilivyo dhaifu. Mwaka 2007 Van Grunderbeek na Emile Roche walitoa ushahidi kwamba watu wa enzi ya Urewe nchini Rwanda na Burundi walichanganya kilimo na ufugaji. Basi yule mkulima asiye na ng'ombe na yule mfugaji asiye na jembe, waliotenganishwa na vitabu vya kikoloni, udongo hauwatambui. Giblin naye ameandika waziwazi kuhusu hatari ya kufunga vyungu kwenye makabila katika nchi iliyopitia yale tuliyoyapitia.

Kwamba maneno ya "mmetoka wapi" huua, sisi hatuhitaji kusimuliwa. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera aliwaambia watu mkutanoni kwamba Watutsi kwao ni Ethiopia na kwamba watarudishwa huko kupitia mto Nyabarongo. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mito yetu ikabeba maiti hadi Ziwa Victoria. Mugesera alirudishwa kutoka Kanada mwaka 2012 na kuhukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2016. Lakini nadharia aliyoitumia ilikuwa na zaidi ya miaka mia moja kabla yake, na ilifundishwa darasani kwa chaki.

Mfanyabiashara wa mpakani anaweza kulielewa jambo hili haraka kuliko profesa. Tazama mama anayevuka kutoka Rubavu kwenda Goma. Amejifunga kitenge kilichotengenezwa China, ana dumu la manjano la mafuta, beseni la plastiki na simu. Je, yeye ni Mchina? Baada ya miaka 2,000 mchimbaji akifukua Rusumo, Kobero na Katuna na kukuta madumu ya manjano kila mahali, atakuwa na haki ya kuandika kwamba "kabila la Madumu" lilivamia Afrika Mashariki na kuwafukuza wenye vibuyu?

Tungemcheka. Tunajua dumu lilienea kwa sababu ni jepesi, halivunjiki, na jirani alipomwona jirani analo naye akalitaka. Vyombo husafiri kwa kununuliwa. Husafiri kwa ndoa pia, maana binti aliyefunzwa ufinyanzi na mama yake akiolewa ng'ambo ya mto, mikono yake anakwenda nayo. Husafiri kwa kuigwa. Na ni kweli kwamba husafiri vilevile na watu wanaohama, kwa hiari au kwa kukimbia. Yote hayo yalikuwapo zamani kama yalivyo leo. Kutoka katika kigae peke yake huwezi kujua mwenye chungu aliitwaje, wala damu yake.

Wapo watakaosema: lakini wataalamu wa lugha huhusisha Urewe na kuenea kwa lugha za Kibantu katika Maziwa Makuu. Ni kweli, wengi huona hivyo, na hoja zao ni nzito. Lakini lugha si kabila la kwenye kitambulisho. Leo Rwanda nzima inasema Kinyarwanda kimoja, na anayekisema kwa ufasaha hajulikani kwa hilo babu yake alifuga au alilima. Chungu na lugha vinaonyesha njia zilizopitiwa. Hati ya kumiliki kilima ni kitu kingine kabisa.

Na anayetaka kung'ang'ania kuwa wa kwanza, ajue kwamba hata Urewe haikuwa ya kwanza. Katika kisiwa cha Kansyore ndani ya mto Kagera, na hadi magharibi mwa Kenya, vimekutwa vyungu vya zamani zaidi vya watu walioishi kwa kuwinda, kuvua na kuokota matunda. Na kule Ishango nchini Kongo, kando ya Ziwa Rutanzige, Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mwaka 1950 vyusa vya mifupa vya wavuvi walioishi yapata miaka 20,000 iliyopita, kabla chungu hakijajulikana kabisa katika sehemu hizi. Ukichimba utakuta daima mtu mwingine chini yako. Ni nani basi atakayesimama juu ya kilima aseme, "Mimi ndiye wa kwanza"?

Kwa ndugu zangu mliorudi nyumbani kama nilivyorudi mimi, nadhani hapa pana faraja. Tuliporudi, wengine wetu tuliitwa kwa majina ya nchi tulizotoka. Kiswahili chetu kilitufanya tuonekane wageni, kabla Bunge halijakipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Tukadhani ni aibu kuwa mtu wa pande mbili. Vigae vinasema kwamba watu wa nchi hizi wamekuwa wa pande mbili tangu kale. Aliyekulia Bukoba, Mbarara au Uvira alikuwa bado ndani ya nyumba ile ile ya Urewe, chumba kingine tu.

Na kwa wafanyabiashara wa mpakani: Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007 na Kongo mwaka 2022, inawapa cheti chepesi cha asili ya bidhaa kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Huo si upendeleo mpya mliobuniwa ninyi. Ni kurudisha kidogo hali waliyokuwa nayo watu wa kale. Kila mpaka unapofungwa kwa ugomvi wa wakubwa, kama Burundi ilivyofunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024, anayeumia ni mama wa beseni, na kinachokatwa ni uhusiano mkongwe kuliko serikali zote mbili.

Sasa tufanye nini? Kwa maoni yangu yapo mambo matatu.

La kwanza, tuache kuvunja vitabu vyetu. Ukichimba msingi, choo au udongo wa matofali ukakuta vigae vyenye mapambo, mavi ya chuma au mifupa, simama. Usivisafishe wala usivihamishe, kwa sababu kigae kilichotolewa mahali pake ni kama ukurasa uliochanwa: makaa yaliyokuwa kando yake ndiyo yenye tarehe. Toa taarifa ofisi ya kata, ambako wanaweza kuwaarifu watu wa makumbusho. Rwanda ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda urithi wa utamaduni, na nchi jirani zina sheria zao.

La pili, tusivipitishe mpakani. Akikujia mtu akakuomba umvushie "kitu cha kale" ndani ya gunia la maharage, kataa. Atakayepata faida si wewe, na mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unapinga biashara hiyo. Waswahili walisema mfinyanzi hulia gaeni. Sisi tumezidi, maana hata hicho kigae tuko tayari kukiuza.

La tatu, Urewe ifundishwe. Nchi sita zina urithi mmoja, na zote sita leo zimo katika jumuiya moja. Haiwezi kushindikana kuandaa sura moja ya kitabu cha historia, kwa Kiswahili, isomwe na mtoto wa Siaya, wa Bukoba, wa Masaka, wa Huye, wa Gitega na wa Bukavu. Mtoto aliyejifunza hayo akiambiwa na mwanasiasa kwamba jirani yake kwao ni kwingine, atakuwa na la kujibu.

Najua wapo watakaosema vigae havijazi tumbo. Ni kweli. Lakini uongo kuhusu vigae na mababu uliwahi kujaza makaburi, kwa hiyo ukweli wake nao una kazi.

Shemeji yangu alikubali kuhamisha shimo la choo hatua kumi, japo alinung'unika kuhusu ujira wa vijana. Vigae tulivirudisha na kuvifunika kwa udongo, na taarifa ikapelekwa ofisini. Ule ugomvi wa mpaka haukuisha siku ile. Waliupeleka kwa abunzi, kila mmoja na hati yake ya ardhi mkononi. Huko ndiko unakostahili kwenda. Mita tatu za kiwanja zinapimwa kwa kamba na karatasi, na wafu waachwe wapumzike.